“Zito kama jiwe”: uchambuzi wa maoni ya wachezaji wa Supreme Commander katika ukumbi mmoja wa Pemba

Usuli

Ukumbi wenyewe uko katika mji mmojawapo wa Pemba. Jina lake, mtaa na watu wake vimeondolewa. Una kompyuta nane za mezani, zote za mtumba zilizotoka maofisini: sita zina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, mbili ni kongwe zenye Core 2 Duo. Mchana hutumika kuchapa barua, kuskani vyeti na kujaza fomu za maombi; usiku huwa za gemu. Chumba cha pili kina pleistesheni za mpira, na kusema kweli fedha ya ukumbi inatoka huko.

Ramadhani hugeuza saa za biashara hii. Mchana hakuna mtu, lakini tarawehe ikimalizika vijana humiminika na kukaa mpaka daku linapokaribia. Mwenye ukumbi, ambaye wachezaji wote humwita Ami, alitaka kompyuta zake zijae kwa gemu moja la kupambana pamoja, badala ya kila mtu kukaa na lake. Kundi dogo lilikuwa limezoea gemu jingine la vita, Generals: Zero Hour ya mwaka 2003. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuwa likizo kutoka Unguja, akamshauri ajaribu Supreme Commander: Forged Alliance.

Kwa asiyelijua: Supreme Commander ilitoka mwaka 2007, imetengenezwa na Gas Powered Games chini ya Chris Taylor, yule aliyeongoza Total Annihilation ya 1997. Forged Alliance, toleo lake la nyongeza, ilifuata mwaka huohuo na kuongeza taifa la nne, Seraphim, juu ya UEF, Cybran na Aeon. Ni vita vya karne nyingi zijazo, vya maroboti na mitambo. Kila mchezaji anaanza na roboti mmoja mkubwa, Kamanda, anayejenga kila kitu. Rasilimali ni mbili tu, ambazo vijana wa ukumbini walizipa majina ya madini na umeme. Kamera inaweza kurudi nyuma mpaka uwanja mzima uonekane kwenye skrini, na majeshi yakageuka alama ndogo.

Kila kompyuta ilipata nakala yake halali, zote za toleo moja. Hilo lilifanywa sawasawa tangu mwanzo, na ni muhimu, kwa sababu matoleo yakitofautiana mechi haifunguki, au hufunguka kisha hesabu za kompyuta zikapishana na kuvunjika katikati. Kompyuta ziliunganishwa kwa waya na swichi ya matundu manane. Kasi ya swichi haikuwa na shida yoyote: gemu hili halipitishi picha wala majeshi kwenye waya, linapitisha amri tu.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza walicheza wote wanane kwenye ramani ya Seton's Clutch, ambayo ina kilomita 20 kila upande. Kikomo cha vikosi kiliwekwa 1,000 kwa kila mchezaji, kwa hoja kwamba vita vikubwa ndiyo raha yenyewe. Siku wachezaji walipopungua, nafasi tupu zilijazwa na maadui wa kompyuta.

Ami aliweka daftari la skuli kando ya meza ya malipo: andika jina la gemu, alama kati ya 10, na maoni. Baadhi ya yaliyoandikwa:

“Zito. 3.”

“Zito kama jiwe, Ami, turudishie Generals.”

“Viwanda vinalala. Napanga vifaru kumi, vinatoka viwili.”

“Vita gani hivi, vidoti tu.”

“Nimekufa dakika ya 9, saa yangu imekwenda bure.”

“Vikosi vinagombania njia, havifiki.”

Mwanafunzi wa Unguja alitoa 9 na kuandika kuwa ni gemu la wenye akili. Chini yake mtu akaandika: “Basi cheza peke yako.”

Ami alihesabu neno lililorudiwa zaidi, akaona ni “zito”, akanunua memori na kuzipandisha kompyuta mbili kutoka GB 4 hadi 8. Haikubadilika kitu, wala isingebadilika. Forged Alliance ni programu ya biti 32 na kwa kawaida yake haitumii zaidi ya GB 2 za memori hata ukiipa 16. Fedha ikawa imekwenda, malalamiko yako palepale, na alikuwa ameshaamua kulifuta gemu. Fundi anayezihudumia kompyuta za ukumbi alimwomba ampe muda kidogo, na akaanza na daftari, kompyuta akaziacha.

Maswali yaliyobadilishwa

Safu ya alama ilifutwa. Alama ziliandikwa mara tu baada ya mechi, na aliyefungwa alitoa 2 au 3 hata kama usiku uliopita alishinda na kutoa 8. Aliyekuja nyuma yake alisoma kwanza ya mwenzake, kisha akanakili. Badala yake yakawekwa maswali matatu. Uliudhika dakika ya ngapi kwenye saa ya gemu? Wakati huo ulikuwa unafanya nini? Kitu gani hasa kilikataa: picha, saa, au kiwanda?

Swali la tatu lilihitaji kufundishwa, na ndilo lililofungua kila kitu. Fundi aliweka simu yenye saa ya kupimia mbele ya skrini, kando ya saa ya gemu iliyo juu ya kioo, na kuwaonyesha namna ya kutofautisha.

Saa ya gemu ikitembea polepole kuliko simu, basi hesabu ya vita imeelemewa. Hapo hata picha ikiwa laini, kila kitu kitatambaa. Saa ikiwa sawa lakini picha inaruka unaposogeza kamera au milipuko inapokuwa mingi, tatizo ni kadi ya picha: punguza vivuli na ubora wa picha, au vuta kamera nyuma. Saa sawa, picha sawa, lakini mstari wa ujenzi wa kiwanda hausogei? Hapo kompyuta haina kosa lolote. Tazama vipimo viwili vya madini na umeme juu ya skrini.

Ndani ya usiku chache lile lalamiko moja liligawanyika mafungu matatu. Wengi wa waliokuwa wakisema zito tangu dakika ya tatu walikuwa na tatizo la viwanda. Wa dakika ya 25 kwenda mbele walikuwa sahihi: saa ilikuwa imepungua kweli.

Upande wa kompyuta

Katika mechi ya watu wanane, kwenye dakika ya 5, sekunde 60 za gemu zilichukua sekunde 60 za simu. Dakika ya 20 zilichukua 75 hivi, na dakika ya 35 zikapita 110. Mechi ambayo saa yake inasema dakika 40 ilikuwa imekula karibu saa nzima ya malipo.

Sababu iko kwenye namna gemu lilivyojengwa. Kila kompyuta inapiga hesabu yote ya vita peke yake: kila risasi, kila kifaru cha kila mchezaji, hata walio upande wa pili wa ramani. Zote lazima ziende hatua moja. Ikichelewa moja, saba zinaisubiri. Na hesabu yenyewe kwa sehemu kubwa hukaa kwenye kiini kimoja cha prosesa, hivyo viini vinne havisaidii sana. Kinachosaidia ni kasi ya hicho kimoja. Sanduku la gemu lilidai prosesa ya GHz 1.8, na zile Core 2 Duo zilikuwa juu ya hapo, ndiyo maana hakuna aliyezishuku. Kiwango cha kwenye sanduku kinakwambia gemu litafunguka. Hakikwambii litakuwaje wachezaji wanane wakiwa na majeshi ya nusu saa.

Fundi alizitoa kompyuta moja moja na kurudia kipimo kwa wachezaji walewale na ramani ileile. Kutoa zile mbili kongwe kulisaidia sana, lakini saa bado ilipungua mapema kuliko ilivyotarajiwa kwa mashine sita zinazofanana. Zikagundulika mbili zaidi. Moja, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ilikuwa imewekewa kikomo cha prosesa cha asilimia 50. Mtu aliweka hivyo ili Tukuza, umeme wa kulipia kabla, isiishe haraka, akasahau. Kwa kazi ya kuchapa barua hutajua maisha. Ya pili ilikuwa inapunguza kasi yenyewe kwa joto: mapezi ya kupozea yalijaa vumbi lililogandamana kwa unyevu wa chumvi, na pesti ya joto chini yake ilikauka mpaka ikawa unga. Ilisafishwa kwa brashi laini na pampu ya upepo, feni ikiwa imeshikwa isizunguke, pesti ya zamani ikafutwa kwa spiriti, na mpya ikawekwa kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa. Katika visiwa hivi kazi hiyo ingefaa ifanyike kila mwaka, hasa chumba kikiwa na madirisha ya kuelekea pwani.

Kompyuta moja iliyobanwa kwa ajili ya kuokoa yuniti chache za umeme ilikuwa inawachelewesha watu wanane, na kila mmoja aliona kosa ni la gemu.

Upande wa sheria za gemu

“Viwanda vinalala” ndilo lalamiko lenye mafunzo mengi kuliko yote, kwa sababu linatokana na mazoea ya Generals. Huko unalipa bei yote unapobonyeza. Fedha isipotosha, kitufe hakikubali. Supreme Commander haikatai. Inakubali kila unachoagiza, kisha inakata bei kidogo kidogo kila sekunde ujenzi unapoendelea. Matumizi yakizidi mapato, kila kitu kinapunguzwa kasi kwa pamoja. Mgeni haoni alipokosea, kwa kuwa hakuna aliyemwambia hapana.

Fundi na mwanafunzi waliandika karatasi wakaibandika kando ya kila skrini. Hesabu yake, kwa ngazi ya kwanza ya teknolojia ndani ya gemu, na kwa makadirio:

Kamanda anatoa madini 1 na umeme 20 kwa sekunde.
Mgodi unatoa madini 2 na wenyewe unakula umeme 2.
Mtambo wa umeme unatoa 20.
Kiwanda cha nchi kavu kinachotoa vifaru mfululizo kinakula madini 4 na umeme 20.
Mhandisi mmoja anayejenga mtambo wa umeme anakula madini 3 na umeme 30.

Sasa chukua mgeni wa kawaida: migodi 4, viwanda 2, wahandisi 4 wote wanajenga. Mapato ya madini ni 9. Matumizi ni 8 ya viwanda na 12 ya wahandisi, jumla 20. Kila kitu kitakwenda kwa asilimia 45, na kifaru cha sekunde 13 kitachukua karibu 29. Kwa nini haonekani na shida mwanzoni? Kwa sababu Kamanda huja na akiba, na akiba hiyo huficha deni mpaka dakika ya pili au ya tatu. Ndiyo dakika ileile waliyokuwa wakiiandika kwenye daftari.

Umeme ukiisha ni balaa zaidi kuliko madini, kwa vile migodi nayo inakula umeme: ikikosa, inatoa pungufu, na ngao na rada huzimika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa umeme ubaki na ziada wakati wote, na ya pili ilikuwa kwamba kipimo cha madini kikigusa sifuri, simamisha wahandisi wawili kabla hujagusa kiwanda.

Inafaa kukumbuka kwamba lalamiko hili si la Pemba tu. Supreme Commander 2 ilipotoka mwaka 2010, watengenezaji walibadili wakaenda kwenye kulipa kabla, wakafanya ramani ndogo na gemu jepesi zaidi kwa kompyuta. Wageni walifurahi. Wapenzi wa la kwanza wakasema limepoozwa mno. Yaani maoni mawili yanayopingana yalikuwa yote ya kweli, ila yalitoka kwa watu waliotaka vitu tofauti.

Maamuzi, na sababu zake

Kompyuta zile mbili kongwe ziliondolewa kwenye gemu zikabaki za kuchapia. Mechi zikawa tatu kwa tatu. Kikomo cha vikosi kilishushwa hadi 500, ramani zikawa za kilomita 10, na maadui wa kompyuta wakapigwa marufuku kwenye mechi za pamoja, maana hesabu ya mawazo yao nayo hubebwa na mashine zote. Kwa wanaojifunza wawili wawili iliwekwa Winter Duel, ramani ya kilomita 5, ambamo hakuna mahali pa kupotelea.

Kuhusu kufa mapema, uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya. Kwa kawaida Kamanda wako akilipuka umetoka, na kwa kijana aliyelipa shilingi 1,000 ya saa nzima, kutoka dakika ya 9 kunauma. Wakabadili sharti la ushindi wakaweka Supremacy, ambapo lazima umalize majengo yote na wahandisi wote wa adui. Usiku wa kwanza tu mechi mbili zilikwama: mshindi alijulikana tangu dakika ya 30, lakini mhandisi mmoja alikuwa amejificha pembeni mwa ramani na watu wakamsaka mpaka wakati wa daku. Na mechi ndefu ndiyo inayozalisha vikosi vingi, ambavyo ndivyo vinavyopunguza saa. Dawa ya lalamiko la tano ikawa inalirudisha la kwanza.

Walirudi kwenye kifo cha Kamanda, wakaongeza mambo mawili: dakika 5 za mwanzo kutokushambuliana, chaguo ambalo gemu lenyewe linalo, na malipo kwa mechi badala ya kwa saa.

“Vidoti tu” hawakuligusa. Kuona uwanja wote ndiyo roho ya gemu hili. Ukilibana ili watu waangalie vifaru kwa karibu, umebakiwa na Generals nzito. Walichofanya ni kuchapisha maumbo ya alama kuu ili mtu atofautishe kifaru, mzinga, ndege na mhandisi bila kusogeza kamera. Asiyependa baada ya hapo, hapendi, na chumba cha pili kina mpira.

Vikosi kugombania njia ni udhaifu wa gemu kweli. Makundi makubwa hubanana kwenye vipenyo na kwenye milango ya viwanda. Ushauri uliotolewa: acha nafasi mbele ya kiwanda, weka sehemu ya kukusanyikia mbali nacho, peleka makundi ya kumi au kumi na tano badala ya hamsini. Hupunguza, haumalizi. Vivyo hivyo na amri kuchelewa kidogo baada ya kubonyeza: kuchelewa huko kumejengwa ndani ili mashine zote zitekeleze kwa pamoja, na waya mzuri hauondoi.

Matokeo

Kwa mpangilio mpya, kwenye dakika ya 30, sekunde 60 za gemu zilichukua takriban 65 za simu. Neno “zito” lilitoweka karibu kabisa daftarini. Malalamiko hayakupungua, yalibadilika: mizinga ya ngazi ya pili inaua raha, Cybran wanapendelewa, dakika 5 za amani zinawalinda wavivu. Mmoja aliandika nusu ukurasa kueleza kwa nini kuwahi kupandisha migodi kabla ya kiwanda cha pili ni ujinga kwenye ramani ndogo. Watu waliokuwa wakiilaumu kompyuta sasa walikuwa wakibishana juu ya gemu.

Lakini ukumbi haukujaa. Kiini cha wachezaji wa kudumu kilitosha meza sita, pengine na wawili watatu wa kusubiri zamu. Wengine wote walirudi kwenye mpira, na wapo walioeleza bila chuki kwamba mechi ya dakika 40 ni ndefu kwao hata ikienda kwa kasi.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi kuliko vyote ni kuuliza dakika. Mchezaji hukosea akitaja sababu, ila mara chache hukosea wakati na mahali alipoudhika. Dakika ya tatu, dakika ya tisa na dakika ya thelathini zilikuwa matatizo matatu yasiyohusiana, na alama ya 3 kati ya 10 ilikuwa ileile kwa yote.

Kupima kwa simu kabla ya kununua chochote kungeokoa bei ya memori. Kosa la Ami halikuwa kuwasikiliza wachezaji. Aliwasikiliza kuhusu tiba wakati wao walikuwa wanajua maumivu tu.

Kubadili sharti la ushindi bila kufikiria urefu wa mechi kulishindikana kwa sababu ambayo ilikuwa tayari kwenye karatasi za vipimo: dakika nyingi ni vikosi vingi. Kabla ya kugusa chaguo lolote kwenye chumba cha kusubiri, yaani ile skrini ya kupangia mechi kabla haijaanza, uliza kwanza litaongeza au litapunguza muda.

Umeme kukatika ndiko kulikobaki bila jibu. Waliweka betri ya akiba kwenye swichi na kompyuta ya aliyefungua mechi. Haikufaa. Mechi haimtegemei aliyeifungua pekee. Mashine isiyo na betri ikizimika, wengine husimama wakisubiri mpaka wamtoe, na timu yake inabaki pungufu. Ama mashine zote sita ziwe na akiba, ama usijisumbue.

Na malipo kwa mechi yamezaa ugomvi wake. Wanaoongoza huvuta muda ili wajenge roboti mkubwa kabla ya kumalizia, na wanaosubiri zamu hupiga kelele. Kwa mechi zinazovuka dakika 50 hakuna kanuni iliyoandikwa. Ami huja akasimama nyuma ya viti, akavuta kamera mpaka juu, akahesabu migodi ya kila upande na kutoa hukumu.